Chuma cha Kufuli, Mshale wa Mgeni

Ukishuka kwa barabara ya vumbi kutoka Karatu mjini hadi Mang'ola, jirani na Ziwa Eyasi, utawakuta wahunzi wa Kidatoga wakivukuta viriba vya ngozi ya mbuzi, kimoja kikijaa hewa kingine kikiimwaga motoni. Kufuli bovu na koki ya bomba huyeyuka wakiangalia, kwani shaba ya njano huhitaji nyuzi joto 900 na ushei tu. Msumari ni mkaidi. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538, na moto ule wa mkaa haufiki huko. Kwa hiyo msumari hupashwa mpaka uwe mwekundu, ukawekwa juu ya fuawe na kupigwa haraka kabla haujapoa. Ndiyo maana bangili humiminwa, kichwa cha mshale hufuliwa.

Zamani mteja wa mshale alikuwa mwindaji wa Kihadzabe, naye alilipa kwa asali. Bado anakuja, ila sasa anapanga foleni na mtalii aliyetoka kreta ya Ngorongoro jana. Waongozaji wengine hunong'ona kuwa mshale wa mtalii ni feki. Sikubaliani nao.

Nakala halisi, kama neno hilo linaruhusu, zinatoka kwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mmarekani Val Forgett alitafuta watu wa kumtengenezea upya bastola za Colt za 1851, zile za silinda inayoshindiliwa baruti nyeusi na risasi ya mviringo kwa mbele, fataki ikikaa nyuma. Aliwapata Gardone Val Trompia, bonde la Italia lenye mafundi bunduki tangu karne nyingi. Mmoja wao, Aldo Uberti, alianzisha kampuni yake huko mwaka 1959. Marekani ilikaribia kutimiza miaka 100 tangu vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe, na wanunuzi walikuwa tele. Kichekesho kilikuja 1971: Colt yenyewe ilirudi kuuza bastola hizo, zikiwa na vipuri vilivyotoka kwa Uberti. Hapo nani anamwiga nani?

Marekani ufundi ule ulikatika karibu karne nzima, ukafufuliwa ng'ambo kwa kupima vitu vya kale. Mang'ola haukukatika. Mkono ni uleule, msumari uleule. Aliyebadilika ni mnunuzi.

Ukinunua mshale, uweke kwenye begi la mizigo. Wakaguzi wa uwanja wa ndege hawaulizi kama ni nakala.