Injini ya Gari na Baridi ya Nyanda za Juu

Kati ya Juni na Agosti, wakazi wa Makete na baadhi ya maeneo ya Njombe huamka na kukuta sakitu, yaani umande ulioganda, imetanda juu ya majani. Magari mengi yanayopanda huko yametengenezwa na mafundi waliozoea joto la Dar es Salaam, na matengenezo hayo ndiyo tunayomshauri mtumiaji ayachunguze kabla ya safari.

La kwanza ni rejeta. Wengi huijaza maji matupu kwa kuwa ni nafuu. Maji yakiganda hutanuka kwa takribani asilimia 9, na huweza kupasua rejeta au hata injini yenyewe. Ni kweli kwamba usiku mmoja wa sakitu kwa kawaida hautoshi kuyagandisha yote. Lakini maji matupu huleta kutu mwaka mzima, baridi iwepo isiwepo. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi huzuia yote mawili. Soma lebo kwanza, kwani nyingine huuzwa zikiwa zimekwisha kuchanganywa, na kuziongezea maji ni kuzidhoofisha. Iwekwe mbali na watoto na mifugo: aina nyingi ni sumu, nayo ina ladha tamu.

La pili hutusikitisha zaidi, kwa sababu mwenye gari mara nyingi hana habari nalo. Gari likichemka, baadhi ya mafundi huondoa thamostati na kusema tatizo limekwisha. Kifaa hicho kidogo huzuia maji yasizunguke kwenye rejeta hadi injini ipate joto lake. Kikiondolewa, injini katika baridi huchelewa kupata moto, hula mafuta zaidi, na oili yake huchafuka mapema. Chanzo cha kuchemka nacho hubaki palepale.

Kuhusu oili, namba iliyo kabla ya herufi W huonyesha wepesi wake wakati wa baridi: 5W hutiririka upesi kuliko 20W. Fuata kitabu cha gari. Asubuhi, usilingurumishe gari kwa muda mrefu likiwa limesimama. Liondoe baada ya nusu dakika hivi, kwa mwendo wa taratibu.

Fundi akitoa kifaa chochote, mwulize sababu na umtake aiandike kwenye risiti. Kifaa kilichotolewa ni mali yako, ondoka nacho.