Herufi moja kwenye boksi la flashi yaweza kulaza mtaji

Maboksi mawili ya triga ya Godox X2T yakiwekwa sambamba juu ya kaunta, mtu asiyezoea haoni tofauti. Rangi ni ile ile, picha ni ile ile, uzito ni ule ule. Tofauti ni herufi moja mwishoni mwa jina. C ni ya Canon, N ya Nikon, S ya Sony, F ya Fujifilm, na O ya Olympus na Panasonic. Mfanyabiashara anayetoka Kariakoo na maboksi kumi ya N kwenda kwenye mji ambao wapiga picha wake wa harusi karibu wote wanashika Canon, amebeba matofali.

Triga ni kile kidude kinachokaa juu ya kamera na kuiamrisha flashi iliyosimamishwa mbali, pembeni mwa ukumbi au nyuma ya maharusi. Ni kidogo, hakijazi begi, na faida yake kwa kilo inashinda ya bidhaa nyingi za umeme. Ndiyo maana kinawavutia wanaovuka Namanga, Busia, Mutukula na Rusumo wakiwa na mtaji wa kadiri. Lakini ni bidhaa isiyosamehe. Simu ikikosa mteja wa kwanza atapatikana wa pili. Triga ya herufi isiyo yake haiuziki hata kwa nusu bei.

Kilichoichangamsha biashara hii ni kuhama kwa wapiga picha kutoka kamera za DSLR kwenda zile zisizo na kioo ndani. Sony ilianza na mdomo wake wa E mwaka 2010. Mwaka 2018 Canon na Nikon zilitoa midomo mipya, RF kwa Canon na Z kwa Nikon. Mdomo hapa ni ile duara ya chuma ambayo lenzi inafungwa. Midomo ilipobadilika, lenzi za zamani hazikuingia tena moja kwa moja, na mpiga picha aliyeuza kamera yake ya zamani ili anunue mpya alijikuta na mwili wa kamera bila macho. Lenzi za kampuni zenyewe ni ghali. Hapo ndipo viwanda vya China, Viltrox, TTArtisan, 7Artisans, Yongnuo na wenzao, vilipopata mlango.

Lenzi inayotafutwa zaidi na mpiga picha anayeanza kujitegemea ni ile isiyovuta, yenye urefu mmoja tu: 35mm, 50mm, 56mm au 85mm. Sababu ni mwanga. Lenzi inayokuja na kamera ya bei nafuu, ikivutwa hadi mwisho, mara nyingi hufungua tundu lake hadi f/5.6 tu. Lenzi ya 50mm f/1.8 inaingiza karibu mara 10 ya mwanga huo. Kwenye send-off ya usiku Dar es Salaam, ruracio ndani ya hema huko Kiambu, au gusaba ya jioni Kigali, tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha picha ya kuuza na picha yenye chenga. Mteja anayejua kazi yake atauliza namba ya f kabla ya kuuliza bei.

Muuzaji naye anapaswa kujua jambo la pili, ukubwa wa sensa. Kamera nyingi za bei ya chini zina sensa ndogo, ile ya APS-C. Juu ya kamera hiyo lenzi ya 50mm inabana picha kama ingekuwa 75mm, na kwa Canon kama 80mm. Mwenye studio ya chumba kimoja akiuziwa 50mm kwa ajili ya kamera ya APS-C, atagonga ukuta kwa mgongo kabla familia ya watu sita haijaingia yote kwenye picha. Huyo anahitaji 23mm hadi 35mm. Anayepiga sura za watu nje, 56mm inamtosha sana. Duka linaloagiza 50mm peke yake kwa kuwa jina hilo ndilo maarufu linaacha nusu ya wateja wake waondoke mikono mitupu.

Kwa upande wa midomo, hali si sawa kwa kampuni zote, na hili limewaumiza walioagiza kwa mazoea. Sony ilifungua maelezo ya msingi ya mdomo wake wa E kwa watengenezaji wengine mwaka 2011, na leo lenzi za bei nafuu za Sony zimejaa sokoni. Canon ilishika njia nyingine. Mwaka 2022 iliitaka Viltrox iache kuuza lenzi zake za RF, ikisema zinaingilia hataza na haki za ubunifu wake, na lenzi hizo zikaondolewa. Mwaka 2024 Sigma na Tamron zilitangaza lenzi za RF kwa leseni ya Canon, zikianzia kwenye kamera zenye sensa ndogo. Kwa hiyo mwenye Canon mpya hana uchaguzi mpana wa lenzi za China zenye fokasi ya otomatiki kama alionao mwenye Sony. Nyingi anazozikuta ni za kufokasi kwa mkono, na mpiga picha wa harusi hawezi kumfukuza bwana harusi anayecheza huku akizungusha pete ya lenzi.

Dawa ya mwenye Canon ni adapta, na hii ni bidhaa ya kuangaliwa kwa jicho la biashara. Lenzi za zamani za Canon, za mdomo wa EF, zilibuniwa kukaa milimita 44 kutoka kwenye sensa. Kamera mpya ya RF inataka milimita 20. Adapta inajaza milimita 24 zilizobaki kati yake, na haina kioo chochote ndani; kazi yake ni kuziba nafasi na kupitisha mawasiliano ya umeme kati ya lenzi na kamera. Canon wana yao, na Viltrox na Commlite wana zao za bei ya chini. Adapta moja inazifufua lenzi zote za EF alizonazo mteja, pamoja na 50mm f/1.8 ya mtumba iliyoshuka bei baada ya watu kuhamia kamera mpya. Muuzaji mwenye adapta na lenzi ya mtumba kwenye kaunta moja anamuuzia mteja vitu viwili kwa bei ambayo bado ni chini ya lenzi mpya ya maana.

Kwa Nikon pana mtego. Adapta ya Nikon iitwayo FTZ haina mota ya kuzungusha lenzi. Lenzi za zamani za AF-D, ambazo zilitegemea mota iliyo ndani ya kamera, zitafunga na kupiga picha, lakini fokasi itakuwa ya mkono. Zile za AF-S zenye mota yake ndani hazina shida hiyo. Mteja akirudi analalamika kuwa adapta ni feki, mara nyingi adapta ni nzima. Lenzi ndiyo iliyokuwa ya kundi lisilofaa.

Turudi kwenye flashi, maana huko ndiko pesa nyingi zaidi hupotea bila kelele. Juu ya kamera kuna kiti cha flashi chenye vituo vidogo vya chuma. Kwa miaka mingi kituo cha katikati kilikuwa lugha ya wote: flashi yoyote ya kawaida ikiwekwa pale, ililipuka. Mazoea hayo yameisha. Canon iliondoa kituo hicho cha katikati kwenye baadhi ya kamera zake za bei ya chini, zikiwamo 2000D, 4000D na 250D. Flashi ya kawaida isiyojua lugha ya Canon haiwaki juu ya kamera hizo, hata iwe mpya kutoka kwenye nailoni. Kinachohitajika ni flashi au triga ya herufi C.

Kwenye kamera isiyo na kioo ya Canon EOS R50 mabadiliko ni makubwa zaidi. Kiti chake ni cha kizazi kipya, chenye vituo vingi vidogo upande wa mbele, na flashi za zamani, hata za Canon yenyewe, hazizungumzi nacho mpaka iwekwe adapta katikati. Ya Canon inaitwa AD-E1. Mteja wa R50 akinunua flashi au triga bila adapta hiyo, siku ya pili atarudi dukani. Duka makini linaiweka karibu na flashi na kumuuliza kila mwenye Canon: kamera yako ni ipi hasa? Jibu la "Canon" halitoshi. Anayesema "Canon isiyo na kioo" naye hajajibu.

Upande wa Sony ipo kamera inayopendwa na watengeneza video, ZV-E10. Toleo la kwanza linafanya kazi na flashi. Toleo la pili, ZV-E10 II la mwaka 2024, halina shata ya mitambo na halitumii flashi kabisa, ingawa juu yake kuna kiti kinachofanana na cha flashi. Hapo hakuna adapta itakayosaidia. Mwenye kamera hiyo auziwe taa ya LED, na muuzaji asijisumbue kutafuta dawa.

Kwa anayeanza na mtaji mdogo, upo mpango unaopunguza hatari ya herufi. Badala ya kununua flashi 20 za kujipima mwanga, kumi za C na kumi za N, anaweza kubeba flashi za Godox TT600, ambazo hazina kipimo cha otomatiki lakini zina kipokezi cha redio ndani. TT600 ikisimamishwa pembeni inatii triga ya herufi yoyote ya Godox. Hivyo hatari inabaki kwenye triga tu, ambazo anaweza kubeba chache za kila herufi kulingana na wateja wa mji anaokwenda. Aliyekwisha kununua flashi za TT685 za herufi isiyotoka naye hajafilisika. Flashi hiyo ikitumika kama taa ya pembeni, inapokea amri ya triga ya herufi nyingine. Iliyoandikwa N inaweza kuuzwa kwa mwenye Canon kama taa yake ya pili, mradi aambiwe wazi kwamba juu ya kamera yake haitampimia mwanga yenyewe.

TT600 ina faida nyingine ambayo wasafiri wa ndege wataithamini. Inatumia betri nne za kawaida za AA, kwa hiyo inasafiri bila maswali mengi. Flashi za betri ya lithiamu kama Godox V1 zinawaka haraka zaidi na wapiga picha wanazipenda, ila betri zake za akiba hazikubaliwi kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege. Zinapanda na abiria. Mzigo wa kagoa wenye lithiamu una masharti yake ya kufungasha na kutangazwa, na wakala wa Guangzhou au Dubai anayesema "weka tu, hawataona" anacheza na mzigo wa mwenzake.

Mpakani, kosa la kawaida ni kuamini kwamba utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaifunika kila bidhaa ya mzigo mdogo. Utaratibu ule, wenye kikomo cha dola 2,000 za Marekani, ni wa bidhaa zilizoorodheshwa zenye asili ya nchi wanachama. Lenzi iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa kulala wiki mbili Kariakoo au Luthuli Avenue. Inaingia kama bidhaa ya nje, na kodi ya ongezeko la thamani inayosubiri upande wa pili kwa kiwango cha kawaida ni asilimia 16 Kenya, na 18 Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi.

Ankara inayosema "vifaa vya kamera" kwa jumla inamwachia ofisa akisie thamani, naye hakisii chini. Kwenye orodha ya forodha lenzi za kamera ziko namba 9002.11 na flashi za kielektroniki 9006.61. Ankara iliyotenganisha hivyo, yenye idadi, jina kamili na bei ya kila kitu, pamoja na namba za mashine za lenzi, inampa wakala silaha ya kujibu. Aulizwe ushuru wa kila namba kabla fedha hazijatumwa kwa muuzaji.

Kabla ya kufunga mzigo, lenzi ijaribiwe juu ya kamera halisi. Ifokasi karibu na mbali, tundu lifungwe hadi f/8 na picha ipigwe, kisha itazamwe kama kamera imeandika namba hiyo. Lenzi kadhaa za Viltrox zina tundu la USB nyuma, na TTArtisan hutumia kifuniko maalumu cha nyuma chenye USB. Vyote ni vya kusasishia programu ya ndani. Kamera mpya ikitoka na lenzi ikagoma, mara nyingi sasisho ndilo linaloiponya. Muuzaji mwenye kompyuta na waya anafunga kesi hiyo kwa dakika kumi. Asiye navyo anarudisha fedha.

Kwa lenzi za mtumba kutoka Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, tochi ya simu inatosha. Imulikwe kupitia upande wa nyuma, huku jicho likitazama kwa mbele. Vinyuzi vyeupe kama utando wa buibui ni kuvu, zao la unyevu wa pwani. Kuvu iliyoanza pembeni inaweza kusafishwa na fundi mzuri. Iliyofika katikati imeshakula rangi ya kinga ya kioo, na lenzi hiyo ikipelekwa Kampala au Bujumbura, ikawekwa ndani ya sanduku moja na nzima, ni vizuri itenganishwe kwa mfuko wake na pakiti za kunyonya unyevu.