Dalili za matatizo ya ulaji, na wakati wa kumwona daktari

Katika kitongoji cha Quakers Hill, magharibi mwa jiji la Sydney nchini Australia, wanaishi watu waliotoka pande nyingi za dunia, wakiwemo wahamiaji kutoka Afrika. Katika nyumba nyingi za Kiafrika chakula ni heshima, na kumwambia mtu amenenepa ni kumsifu. Kijana anayekataa kula huonekana ana deko au jeuri. Madaktari wanaonya kwamba huenda ni mgonjwa.

Matatizo ya ulaji ni maradhi ya akili yanayodhuru mwili. Mwenye anoreksia hujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa. Mwenye bulimia hula chakula kingi kwa mara moja, kisha hujitapisha au hutumia dawa za kuharisha. Wengine hula kupita kiasi kwa siri bila kujitapisha, na baadaye huona aibu kubwa.

Wapo wanaodhani haya ni maradhi ya Wazungu. Huko Fiji, ambako mwili mnene ulihesabiwa kuwa afya, televisheni iliingia mkoa wa Nadroga mwaka 1995. Mwaka 1998 asilimia 11 ya wasichana wa shule waliohojiwa huko walisema hujitapisha ili wapungue. Mwaka 1995 hakuna aliyesema hivyo.

Dalili za mwanzo ni za tabia: kukwepa kula na wenzake, kudai ameshakula, kwenda msalani mara tu baada ya chakula, kufanya mazoezi hata akiwa mgonjwa, au kuvaa nguo pana ili kuficha mwili. Baadaye huja kizunguzungu, kuhisi baridi daima, hedhi kukatika na meno kuharibika kwa asidi ya matapishi. Wavulana nao huugua, na si kila mgonjwa amekonda. Kufunga kwa ajili ya dini kuna mwisho wake na furaha ya kufuturu. Anayeogopa hata kufuturu anahitaji kuangaliwa.

Mzazi asingoje mtoto akonde. Dalili zikidumu, amwone daktari wa familia. Tangu Novemba 2019, bima ya taifa ya Medicare huchangia gharama za wagonjwa waliotimiza masharti, hadi vikao 40 vya tiba ya kisaikolojia na 20 vya mtaalamu wa lishe kwa mwaka. Asiyejua Kiingereza anaweza kuomba mkalimani kwa simu 131 450. Shirika la Butterfly hutoa ushauri kwa simu 1800 33 4673.

Akizimia, akitapika damu, akiumwa kifua, akikataa hata maji au akisema anataka kufa, ipigwe simu 000 mara moja. Kutapika mara kwa mara hupunguza madini ya potasiamu mwilini, na moyo unaweza kusimama ghafla, hata kwa kijana anayeonekana mzima.

Nyumbani, kumkaripia au kumlinganisha na ndugu zake hakumponyi. Aulizwe kwa upole, faraghani, na si wakati wa chakula. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Maradhi haya hutibika, na anayetibiwa mapema ana nafasi kubwa zaidi ya kupona.