Sataranji ya Simuni na Adhana ya Magharibi

Huko Makongeni, Thika, tumemtazama kijana akicheza sataranji simuni na mtu wa mbali asiyemjua. Ni hodari wa farasi: humrusha juu ya askari, akatishia mfalme na ngome kwa hatua moja. Kete zikipungua, papara humponza.

Aupendao ni mchezo wa dakika 3, nao hausimamishwi. Adhana ikilia, akiuacha ameshindwa. Mamake ataka kumnyang'anya simu. Imamu Shafii, tumfuataye wengi wetu pwani, aliuona mchezo huu kuwa makuruhu, si haramu, madamu hauna kamari wala haupitishi wakati wa sala.

Mama, usimnyang'anye. Upo mchezo wa siku nzima kwa kila hatua. Na auchague huo, kete zitamngoja mpaka atoke msikitini.