Betri ya tochi: Usidanganywe na namba kubwa

Saa nane usiku mtoto anaamka, mwili unachemka. Mama anapapasa tochi iliyochajiwa tangu jana. Inawaka dakika chache, inafifia, inazima. Katika nyumba isiyo na umeme huko Nyabibuye, wilayani Kakonko mkoani Kigoma, kinachofuata ni kuwasha kibatari karibu na kitanda cha mgonjwa.

Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri familia zisitumie mafuta ya taa majumbani kwa sababu ya moshi wake, pamoja na hatari ya moto, kuungua na watoto kuyanywa. Ndiyo maana mzazi anapaswa kujua anachonunua anapochagua tochi ya kuchaji.

mAh ni nini?

Juu ya betri huandikwa mAh, yaani miliampia-saa. Ichukulie kama ujazo wa dumu: inaeleza betri inabeba umeme kiasi gani, si ukali wa mwanga. Zidisha mAh kwa volti, kisha gawanya kwa 1,000, utapata wati-saa. Betri ya mAh 2,000 yenye volti 3.7 ina wati-saa 7.4. Taa ya wati moja itawaka nayo kwa muda wa saa sita hadi saba. Lakini kama uwezo wake halisi ni mAh 500, haitamaliza hata saa mbili.

Namba ikizidi, shuku

Betri nyingi za mviringo za tochi huitwa 18650, kwa sababu zina upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Zilizotengenezwa vizuri hubeba kati ya mAh 2,000 na 3,500 hivi, na uzito wake hukaribia gramu 45. Ukiikuta gulioni imeandikwa mAh 9,900, namba hiyo si ya kweli. Omba mzani uipime. Ikiwa nyepesi mno, iache.

Pawa benki nayo ina hesabu yake. Ikiandikwa mAh 10,000, usitarajie ijaze mara mbili simu ya mAh 5,000. Umeme wa ndani wa volti 3.7 hupandishwa hadi volti 5, na kiasi fulani hupotea njiani. Ikijaza simu hiyo mara moja na robo hivi, imefanya kazi yake.

Jaribu mapema

Kabla ya kulipa, kubaliana na muuzaji kwamba utairudisha ikishindwa, na udai risiti. Ukifika nyumbani ichaji hadi ijae, iwashe saa 12 jioni, kisha andika muda inapozima. Rudia baada ya miezi michache. Betri zote huchoka, na muda ukipungua sana ujue imezeeka.

Tochi kubwa nzito mara nyingi huwa na betri ya risasi. Hiyo ichajiwe kila baada ya kutumika, maana ikikaa tupu huharibika. Ya lithiamu isiachwe juani wala isikae tupu kwa miezi. Betri kavu za kawaida, zile zinazoanikwa juani ili zipate nguvu, zisichomekwe kwenye chaja kabisa. Zinaweza kuvuja au kupasuka.

Watoto wasizichezee

Betri iliyovimba au kupasuka iondolewe ndani ya nyumba. Usiitoboe wala kuitupa motoni. Ya risasi isifunguliwe, kwa kuwa risasi ni sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Zile ndogo bapa kama kifungo ni hatari zaidi: mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kuunguza ndani ya saa mbili. Usimtapishe. Mkimbize hospitali mara moja, hata kama bado anacheza.

Na tochi ya usiku iwekwe mahali pamoja, juu, ambapo mama ataifikia gizani na mtoto hataifikia mchana.