Je, Wajua? Tanuru la Kale Liliwashwa Tena Buhaya

Ulaya wapo wahunzi wanaofua upya panga za Waviking, nao huanzia kwenye tanuru la udongo, mkaa na mawe ya chuma ya kinamasi. Jaribio kama hilo lilifanyika Buhaya, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Miaka ya 1970, wazee wa Kihaya waliowahi kuyeyusha chuma ujanani walilijenga tena tanuru lao, mwanaakiolojia Peter Schmidt akishuhudia. Kazi hiyo ilikuwa imekufa baada ya chuma rahisi cha Ulaya kujaa sokoni. Wazee hao wanastahili kutajwa katika vitabu vya shule.

Walichimba shimo, wakalijaza majani ya kinamasi yaliyochomwa, wakasimamisha ukuta wa udongo wa kichuguu. Ubingwa ulikuwa kwenye mirija ya udongo: iliingia ndani kabisa ya tanuru, hivyo upepo wa mivukuto ulipashwa moto kabla haujafikia mkaa. Kilichotoka ni bonge la chuma lenye sehemu za chuma cha pua. Schmidt na mwenzake Donald Avery walieleza hayo mwaka 1978 katika jarida la Science, wakionyesha kuwa matanuru ya namna hiyo yalikuwapo Buhaya miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita.