Kanuni za Biashara katika Programu za Tarakilishi: Mfano wa Ushuru

Tarehe 1 Aprili 2020, kiwango cha ushuru wa ziada ya thamani nchini Kenya kilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14. Tarehe 1 Januari 2021 kikarejeshwa kuwa 16. Kwa kampuni iliyoandika tarakimu hiyo kila pembe ya programu yake ya mauzo, badiliko hilo lilimaanisha msako, na si kila 16 ni ushuru. Moja ikisahaulika, mteja hutozwa isivyo haki.

Ndiposa inafaa kanuni za biashara zitengwe katika jedwali ambalo mhasibu aweza kulirekebisha mwenyewe. Hata hivyo, kutenga pekee hakutoshi. Bidhaa iliyouzwa Desemba 2020 ikirudishwa Januari 2021, ushuru unaorejeshwa ni wa asilimia 14. Kwa hivyo kanuni kongwe haifutwi, bali huwekewa tarehe ya kuanza na ya kukoma.

Utata unaosalia ni wa kimaana (na hapa mwanaisimu yumo nyumbani kwake): 'tarehe ya mauzo' ni ipi? Sheria ya ushuru huo ya mwaka 2013 huzingatia inayotangulia kati ya tarehe za kukabidhi bidhaa, kutoa ankara na kupokea malipo. Programu inayohifadhi moja tu haiwezi kuitii.